Kufufua shepu ya gari ya spoti ya zamani iwe ya leo: usianze na taa

Watu wengi wakisema wanataka kufufua gari ya zamani wanaanza na taa. Kitu cha kwanza mtu anachora ni yale macho ya duara, halafu shoo ya mbele, halafu labda mistari miwili ya rangi juu ya boneti, akimaliza ndo anatafuta gari ya kuvibandika. Matokeo yake unapata gari inayofanana na ile ya zamani ukiwa umesimama mbele yake tu, ukizunguka pembeni unakuta gari ya kawaida imevaa kinyago. Mimi mwenyewe nimechora hivyo miaka kibao, nina daftari zima la vinyago, kwa hiyo mengi ya haya nayoandika nimeyajua kwa kukosea.

Kwanza tuelewane, kuna kazi tatu ambazo watu wanaziita jina moja. Kuna kukarabati, hapo unairudisha gari ilivyotoka kiwandani nati kwa nati. Kuna kunakili, hapo unatengeneza bodi mpya inayofanana na ya zamani kwa kila kitu, kama zile nakala za faiba za Cobra, gari ya spoti ya miaka ya 60, ambazo nadhani zipo nyingi kuliko zile za kweli. Halafu kuna hii ya tatu ndo tunayoiongelea leo, unachukua wazo la gari ile unajiuliza, hivi wale jamaa waliochora hii kitu wangekuwa wanafanya kazi leo, na tairi za leo na sheria za leo na injini au mota za leo, wangetoa nini? Hii ya tatu ndo ngumu kuliko zote kwa sababu hakuna cha kuigilizia, kila kitu inabidi uamue.

Chagua gari halafu itafutie sababu zake

Karibu kila kitu cha ajabu kwenye gari za zamani kina sababu. Chukua Ford GT40, ile iliyoshinda mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, mara 4 mfululizo kuanzia 1966 mpaka 1969. Hiyo 40 kwenye jina ni urefu wake kwenda juu, inchi 40, yaani kama mita 1 na sentimita 2 hivi, na ilikuwa chini vile kwa sababu pale Le Mans kulikuwa na barabara iliyonyooka kilomita kadhaa na anayepasua hewa kirahisi ndo anapita. Ilikuwa chini mpaka dereva mrefu kama Dan Gurney kichwa na kofia havikuenea, mwaka 1967 ikabidi wamwekee nundu kwenye paa upande wake. Sasa hiyo nundu watu leo wanaiona kama urembo.

Au hizo taa za duara tunazozililia. Kuanzia 1940 Marekani ililazimisha taa za mbele za aina moja, duara, inchi 7, na ingawa badaye walikubali saizi na maumbo mengine, taa za kuchorwa kwa shepu ya gari yenyewe hazikuruhusiwa mpaka 1983, na karibu kila mtu duniani aliyekuwa anatengeneza gari ya spoti alikuwa anataka kuuza Marekani. Kwa hiyo mbunifu hakuchagua duara, duara ndo ilikuwepo, kazi yake ilikuwa kutafuta namna nzuri ya kuizungushia bati. Hata zile taa za kufumbuka zinazopanda ukiwasha, zilikuja kwa sababu pua ya gari ilikuwa chini sana na taa zinatakiwa ziwe juu kiasi fulani kutoka ardhini, sasa utafanyaje, unaziweka kwenye kifuniko zinainuka.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haitaki penseli ya kuchorea, inataka karatasi ya kuandikia tu. Igawe mara tatu. Kushoto andika kila kitu kinachokufanya uitambue hiyo gari, katikati andika kwa nini kipo, kulia jibu swali moja, je hiyo sababu bado ipo leo? Kama sababu ipo, kitu kinabaki na unakipigania mpaka mwisho. Kama sababu imekufa na hakuna anayekikumbuka, tupa. Kama sababu imekufa ila watu wanakipenda, hicho ni kumbukumbu, na kumbukumbu jiruhusu mbili, labda tatu, zaidi ya hapo unaanza kutengeneza kile kinyago changu.

Mfano wa mtu aliyeruka hatua hii ni Volkswagen New Beetle ya mwishoni mwa miaka ya 90. Ile ya zamani ilikuwa na injini nyuma, hivyo mbele palikuwa pafupi na mviringo wote ulikuwa na maana. Hii mpya ilikaa juu ya chasi ya Golf, injini mbele, halafu wakaifunika na paa la upinde. Ukikaa ndani kioo cha mbele kipo mbali kule, dashibodi imekuwa kama meza ya kulia chakula, na aliyekaa nyuma kichwa kinagusa. Sisemi haikuuzwa, iliuzwa sana tu, ila shepu ilikuwa inasema kitu kimoja na mitambo inasema kingine.

Na mfano wa kinyume ni Mazda MX-5 ya 1989. Wale walipenda gari ndogo za wazi za Uingereza za miaka ya 60, hasa Lotus Elan iliyotoka 1962. Wakachukua nini? Wepesi, chini ya tani moja, injini ndogo mbele, tairi za nyuma zinasukuma, viti viwili, paa unalikunja kwa mkono. Shepu inaikumbuka Elan ndio, lakini ukiondoa shepu yote gari bado inaendeshwa kama ile. Huo ndo ufufuo kwangu mimi, na ndo maana watu wanaikumbuka mpaka leo wakati gari nyingi za kumbukumbu zimesahaulika.

Pima, usikadirie

Ukishaijua gari yako tafuta picha ya pembeni kabisa, na kama unaweza kuipata yenyewe, ipige mwenyewe. Simama mbali, mita 15 hata 20, halafu vuta kwa zumu. Ukiipiga karibu na simu, pua inavimba na mkia unanywea, unachora hiyo picha unashangaa kwa nini gari yako ina kichwa kikubwa. Iprinti, weka karatasi nyepesi juu, chora mistari mitano tu: mstari wa ardhi, duara mbili za tairi, mstari wa juu kuanzia pua mpaka mkia, na mstari wa chini ya vioo. Kama mtu mwingine akiitazama hiyo michoro mitano hawezi kukwambia ni gari gani, basi bado hujapata kinachoifanya iwe yenyewe, au umechagua gari ambayo utambulisho wake wote uko kwenye taa, na hizo zipo, achana nazo.

Halafu anza kupima, ila kipimo chako kiwe tairi, sio sentimita. Kati ya tairi ya mbele na ya nyuma zinaingia tairi ngapi? Kutoka tairi ya mbele mpaka mlango unapoanzia, kuna nusu tairi, tairi nzima? Pua inatokeza mbele ya tairi kiasi gani? Vioo vya pembeni ni sehemu ngapi ya urefu wote kwenda juu? Andika. Hizi namba ndo gari yenyewe, gari ya zamani yenye injini ndefu mbele kama Jaguar E-Type ina boneti inayokula karibu nusu ya gari na dereva anakaa karibu na tairi za nyuma, ukisogeza kiti mbele kidogo tu ili upate buti kubwa imekufa, haijalishi taa umechora vizuri namna gani.

Hapa kwenye tairi naomba nikae kidogo maana ndo panapowaangusha wengi. Watu wanasema gari za leo zina tairi kubwa, sio kweli sana, zina rimu kubwa. Piga hesabu mwenyewe, tairi ya zamani ya 185 R15 ile yenye shavu nene, rimu ni milimita 381, ongeza shavu juu na chini unafika kama milimita 684. Tairi ya leo ya 255/35 R19, rimu milimita 483, ongeza mashavu yake membamba unafika kama 661. Umeona? Tairi nzima ya leo ni ndogo kidogo! Kilichobadilika ni kwamba zamani ulikuwa unaona mpira mweusi mwingi na chuma kidogo katikati, leo unaona chuma kingi na mpira kama utepe. Na upana umeongezeka sana, kutoka 185 mpaka 255 au zaidi.

Maana yake kwako ni kwamba jicho linadanganyika. Ukichukua bodi ya zamani ukaitia rimu ya inchi 19 yenye spoku nyembamba zinazong'aa, bodi inaonekana ndogo na nyepesi kama imekopeshwa miguu. Dawa zipo kadhaa. Punguza rimu mpaka 17 kama breki zinaenea ndani. Au tumia rimu kubwa ila ukingo wake wa nje upake rangi nyeusi, ile sehemu ya katikati ndo ing'ae, kwa mbali jicho linasoma rimu ndogo na mpira mnene. Au ongeza nyama kwenye matao ya tairi ili bodi ibebe huo upana. Mimi nilishawahi kufinyanga modeli nzima ya udongo, wiki tano za jioni, halafu nikakata duara za tairi kwa kukadiria, nikakosea kwa kama milimita 4 kwenye modeli ya moja kwa kumi, yaani sentimita 4 kwenye gari halisi. Gari ikawa inafanana na toi. Kila aliyeiona alijua kuna kitu hakijakaa sawa na hakuna hata mmoja aliyejua ni nini.

Kitu kingine, gari zimekua. Mini ya 1959 ilikuwa na urefu wa kama mita 3.05, ya BMW ya 2001 ikawa mita 3.63. Fiat 500 ya 1957 haikufika mita 3, ya 2007 imefika kama mita 3.55. Hakuna namna ya kukwepa hili kabisa, kuna mifuko ya hewa, kuna vyuma kwenye milango, kuna sehemu za kupondeka mbele na nyuma gari ikigonga. Kosa ni kukuza upande mmoja, unapandisha paa na mstari wa vioo halafu pua unaiacha vilevile. Ukikuza, kuza vyote kwa pamoja, tairi na urefu na upana, ili zile namba zako za tairi zibaki. Ford GT ya 2005 walifanya hivi, ni ndefu kuliko GT40 ya zamani kwa zaidi ya sentimita 40 na ipo juu zaidi kwa kama sentimita 10, lakini ikiwa peke yake kwenye picha ukubwa hauuoni. Ukiziweka pamoja ndo unashtuka, ile ya zamani inaonekana kama mtoto wake.

Chini unaweka nini

Kama unachora tu kwa kujifunza unaweza kuruka hapa, ila nakushauri usiruke, maana mchoro usio na chasi ndani yake ni ndoto. Njia ya kawaida ni kutafuta gari mama, yaani gari nyingine ambayo utachukua chasi, injini, sapensheni na breki zake halafu bodi unaivalisha yako. Unaitafuta kwa zile namba ulizopima. Injini ikae palepale ilipokaa kwenye ya zamani, mbele au katikati au nyuma, hilo usilegeze hata kidogo. Umbali wa tairi za mbele na nyuma uwe karibu, na kama hauko karibu ujue utakata.

Waliotengeneza New Stratos ya 2010 walikata kweli. Lancia Stratos ya miaka ya 70 ilikuwa na mita 2.18 tu kati ya tairi za mbele na za nyuma, fupi mno, ndo maana ilikuwa inageuka kama paka. Wao wakachukua Ferrari F430 Scuderia wakaifupisha sentimita 20. Hata hivyo haikufika ufupi wa ile ya kwanza, ila uhusiano ulikuwa wa damu maana Stratos ya zamani nayo ilitumia injini ya V6 ya Ferrari Dino. Jamaa wa kampuni ya Kimera nao kwa EVO37 yao, ufufuo wa Lancia 037, walienda kwenye Lancia Beta Montecarlo, gari ambayo Lancia 037 ya mbio yenyewe ilichukua sehemu yake ya katikati, kwa hiyo milango na kioo vikaangukia mahali pake bila vita. Njia ya Singer, kampuni ya California, ndo salama kuliko zote, wanachukua Porsche 911 ya aina ya 964, fremu ya chuma inabaki, milango inabaki, sehemu kubwa ya bati la nje inakuwa ya kaboni na shepu inarudi nyuma miaka ya 60 na 70. Somo la hao wote ni kwamba gari mama ikiwa ndugu wa ile ya zamani nusu ya kazi imeshafanyika.

Fundi anayekata chasi awe anajua anachofanya, sehemu zinaposhikiliwa sapensheni zikisogea milimita chache tu gari inavuta upande, na baada ya kukata lazima ipimwe ugumu wake maana gari iliyofupishwa na kuungwa vibaya inajipinda kona kama kadibodi. Hapa sibanii maneno, mpe mtu mwenye kazi yake.

Halafu kabla ya kugusa bodi, muweke mtu. Kaa kwenye kiti, usukani mkononi, pima makalio yapo juu ya ardhi kiasi gani, kichwa kinafika wapi, macho yanaona boneti au hayaoni. Paa linachorwa juu ya kichwa cha mtu, sio mtu anakunjwa chini ya paa. Ukitaka paa lishuke, shusha kiti kwanza na ulaze mgongo wake, au nunua kiti chembamba, Alpine A110 mpya ilitumia viti vya kipande kimoja vyenye kilo 13 na kidogo kila kimoja, na hiyo gari ni funzo tosha kwenye hili jambo zima. Ile ya 1962 ilikuwa ndogo, bodi ya faiba, injini nyuma kabisa. Hii ya 2017 injini wameisogeza katikati, bodi ni aluminiamu, uzito kama kilo 1,100 ambao kwa gari ya leo ni kama hakuna. Wamebadilisha karibu kila kitu isipokuwa sababu, gari nyepesi ya kona za milimani, na ukiiona unajua ni ile.

Penseli, tepe, udongo, kompyuta, kwa mpangilio huo

Chora ndogo na nyingi. Hamsini za ukubwa wa kiganja ni bora kuliko moja kubwa uliyoipaka rangi, maana ile kubwa utaipenda na ukishaipenda huwezi tena kuitupa. Zikishafika tatu unazoziamini, chukua tepe nyeusi nyembamba, ile inayopinda, ubandike mchoro wa pembeni ukutani kwa saizi kamili ya gari au hata nusu. Tepe ina faida moja kubwa, ukiivuta inanyooka yenyewe kwenye upinde laini, mkono hauwezi. Halafu unarudi nyuma hatua kumi unaangalia, unabandua, unasogeza kidole kimoja, unarudi tena. Siku tatu nne zinaisha hapo na sio hasara.

Udongo wa wabunifu unalainika ukipashwa joto nyuzi kama 60 halafu ukipoa unakuwa mgumu wa kukwangua. Fanya modeli ya moja kwa nne kama una nafasi. Watu watakwambia siku hizi kuna kompyuta, ni kweli, na utaihitaji, ila kwenye skrini kila kitu kinaonekana kizuri kwa sababu unazungusha mpaka upate kona nzuri. Udongo hauzunguki, wewe ndo unazunguka, na jua linapita juu yake asubuhi na jioni, unaona bega la gari lina kovu ambalo hukuliona. Ukiridhika ndo uupige skani, uliingize umbo kwenye kompyuta ulisafishe. Huko washa ile mistari ya pundamilia, myeusi na myeupe ya kukagua ulaini, inayopita juu ya bodi, ikikatika au ikivunjika kona pale bati mbili zinapokutana, hata kama jicho halioni leo, rangi nyeusi inayong'aa itakuja kukuumbua.

Sheria zinazokula shepu

Sheria zinatofautiana nchi na nchi na lazima usome za kwako kabla, sio baada. Ila zinazosumbua wafufuaji ni zilezile karibu kila mahali. Boneti inatakiwa iwe na nafasi kati yake na injini ili mtu akigongwa kichwa kisigonge chuma, hiyo inapandisha pua. Taa za kawaida za mbele kwenye kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa na nchi nyingi zinatakiwa ziwe angalau milimita 500 kutoka ardhini, kwa hiyo zile pua za kisu za miaka ya 70 zinakataa. Taa za kufumbuka zimeisha sokoni tangu 2004 walipoacha Corvette ya C5 na Lotus Esprit, ingawa LED nyembamba zimetuokoa, unaweza kuficha taa kwenye mfereji mdogo ambao mchana hauonekani. Nguzo za kioo cha mbele zimenenepa kwa ajili ya gari ikipinduka, dawa yake ni kuzipaka nyeusi zijifiche kwenye kioo.

Nissan Z ya sasa ilifanya kitu cha akili kwenye taa. Hawakurudisha duara. Waliikumbuka 240ZG, ile 240Z ya Japani iliyofunikwa taa zake na plastiki angavu, ambayo jua likiipiga kila upande ulikuwa unaona mng'ao wa duara mbili, moja juu moja chini. Basi wakachora nusu duara mbili za LED. Na taa za nyuma wakachukua wazo la 300ZX, Z nyingine ya zamani. Kumbukumbu mbili, zimetosha.

Upepo haujali mapenzi yako

Gari nyingi nzuri za zamani zilikuwa na tabia mbaya hewani. E-Type inaonekana kama samaki lakini kipimo chake cha kupasua hewa, ambacho kikiwa kidogo ndo bora, kinatajwa kuwa kama 0.44, leo gari ya familia ya kawaida ina 0.30 au chini ya hapo. Na kupasua sio tatizo kubwa, tatizo ni kuinuka. Mgongo wa mviringo unaoshuka mpaka mkiani unafanya kama bawa, gari ikikimbia nyuma inakuwa nyepesi. Audi TT ya kwanza, ya 1998, ilikuwa safi kama jiwe la mtoni, nyuma haina hata kijibawa. Zikatokea ajali za mwendo mkali Ujerumani, kampuni ikaziita zote zirudi, wakafunga spoila ndogo nyuma, wakabadilisha sapensheni na kuongeza mfumo wa kielektroniki wa kuzuia kuteleza.

Kwa hiyo ukiwa na mgongo wa mviringo, fanya kazi chini ya gari. Sakafu ya bapa, halafu nyuma inapanda taratibu chini ya bampa ili hewa inyonye gari chini. Na ule mviringo wa mkia ukate kwa ukingo mkali mahali fulani, hata ukingo wa milimita chache ndani ya taa ya nyuma, hewa inaachana na gari pale badala ya kuzunguka. Kwa mbali hauonekani.

Ukitaka iwe ya umeme

Betri ya kisasa inalala chini ya sakafu, na unene wake sentimita 10 mpaka 15, na hizo zote zinaingia chini ya makalio ya dereva. Kwenye gari iliyo juu kama SUV hakuna anayejua, kwenye gari ya spoti ya zamani ndo kifo cha mpangilio wote uliopima. Usiiweke sakafuni. Iweke pale injini ilipokuwa na kwenye nafasi ya katikati palipopita shafti. Jaguar walipoonyesha E-Type Zero mwaka 2017 betri waliipa vipimo vya injini ya zamani na uzito unaokaribiana nayo, ikakaa palepale mbele, hivyo gari ikabaki na mizani yake na shepu yake. Utapata kilomita chache kwa chaji. Kubali.

Na ukishatoa injini usiache mapengo ya uongo, mashimo ya hewa yasiyopitisha hewa. Renault 5 mpya, sio gari ya spoti ila nitaitaja tu, ile ya zamani ilikuwa na kijidirisha cha hewa upande mmoja wa boneti, kwenye hii ya umeme wamekigeuza kuwa taa ya kuonyesha chaji imefika wapi. Kitu kimebaki, kimepewa kazi mpya.

Jina na haki

Hapa nitapita haraka ila usipite wewe. Kutengeneza moja ya kwako na kuuza ni vitu viwili tofauti. Mwaka 2019 mahakama ya Bologna, Italia, ilisema Ferrari 250 GTO ni kazi ya sanaa inayolindwa. Marekani ina sheria inayoruhusu mtengenezaji mdogo kutoa mpaka gari 325 kwa mwaka zinazofanana na gari ya angalau miaka 25 nyuma, lakini lazima uwe na ruhusa ya mwenye haki. Hata Ford wenyewe hawakuweza kulitumia jina GT40 kwenye gari yao ya 2005, lilikuwa mikononi mwa watu wengine, ndo maana inaitwa GT tu. Kwa hiyo tafuta mwanasheria kabla ya kutengeneza moldi ya pili.

Na kama mchoraji wa kwanza yupo hai, mtafute. Lamborghini walipotoa Countach mpya mwaka 2021, gari 112, Marcello Gandini aliyechora ile ya kwanza alisema hadharani hakushiriki na hakubaliani na wazo la kurudia, na ukitazama ile gari unaona anachosema, ilichukua umbo la kitu kilichoshtua dunia mwaka 1971 bila kumshtua mtu yeyote. Hyundai walienda njia nyingine, Pony Coupe ya 1974 ilikuwa imepotea, wakamuomba Giorgetto Giugiaro mwenyewe aitengeneze tena na ikaonyeshwa 2023. Mwaka mmoja kabla ya hapo walishaonyesha N Vision 74, yenye betri na haidrojeni, pembe kali, pana, inatisha kidogo, na kwa macho yangu ndo ufufuo bora wa miaka hii.

Kipimo cha mwisho ninachotumia ni hiki. Piga picha ya modeli yako pembeni, ijaze nyeusi yote, taa zipotee, nembo ipotee, rangi ipotee. Mpe mtu anayependa magari ila hajui unafanya nini. Akitaja ile ya zamani mara moja bila kuuliza, muulize swali la pili, ni ya mwaka gani? Akisema ni ile yenyewe ya zamani, umenakili, rudi kwenye karatasi ya sababu. Akishindwa kutaja gari kabisa, rudi kwenye tairi. Akisita, akasema hii ni ile lakini... mbona kama sio, basi nenda kaagize faiba.